Kanga wa Mguu Mmoja

Wiki iliyopita nilikasirika dukani, na hadi leo sijapoa. Kwa hivyo ukisikia nimepandisha sauti humu ndani, nivumilie.

Nilikuwa nimeingia duka moja la zawadi karibu na Barabara ya Ngong, yale maduka yanayonukia mishumaa, kutafuta kadi ya mwalimu mwenzangu anayestaafu. Kwenye rafu ya kadi zilizotengenezwa kwa mikono nikamwona kanga. Namaanisha ndege, yule wa madoadoa, amegongwa kwa muhuri wa wino mweusi kwenye karatasi ya manila, na juu ya kichwa chake pamekatwa kidirisha cha umbo la nyota. Kanga huyo alikuwa na mguu mmoja. Ule mwingine niliukata mimi kwa wembe nikiwa na miaka kumi, kwenye kibaraza fulani pale Makina, Kibera.

Nikaigeuza kadi. Nyuma walikuwa wameandika kwa Kiingereza cha kubembeleza kwamba ndege huyu mlemavu ni ishara ya mtoto wa mabanda, aliyevunjwa na maisha lakini bado amesimama. Kwamba muhuri wake ulichongwa na mjane asiye na makao. Jina la huyo mjane halikuwepo. La shirika lilikuwepo, tena kwa herufi kubwa.

Mjane asiye na makao! Rafiki yangu, huyo mama alikuwa ndiye mwenye ploti yetu. Alikuwa na vyumba kumi vya kupangisha, na sisi tulikaa katika cha nne ukihesabu kutoka langoni. Alikuwa Mnubi, wa ukoo uliokuwa hapo tangu Kibera ikiwa msitu, na ukimwambia hana makao angekufukuza na ufagio mpaka barabarani. Alivaa bangili za dhahabu hata akifua. Sisi watoto tulimwita Nyanya, na asubuhi za Jumamosi ploti nzima ilinukia gurusa zake, ile mikate myembamba ya Kinubi, na chai ya tangawizi iliyokuwasha koo.

Kama ulisoma Kenya miaka yetu, unazikumbuka kadi za saksesi. Mtihani wa darasa la nane ukikaribia, watahiniwa walianza kutumiwa kadi za kutakiwa heri, na mwalimu alizigawa mbele ya darasa akiita majina. Wenye wajomba wa ofisini walirudi kwenye dawati wamekumbatia rundo, nyingine zikiimba ukizifungua. Mwaka mmoja msichana wa chumba cha saba hakuitwa hata mara moja. Alirudi nyumbani akajifungia chooni, na aliyemtoa ni Nyanya, baada ya kumsemesha mlangoni mpaka chai ikapoa. Kuanzia hapo akaapa kwamba hakuna mtoto wa upande ule atakayekaa darasani bila kuitwa, awe wa msikitini au wa kanisani.

Ndipo alipoanza kutengeneza kadi. Mihuri aliichonga kutoka kwa soli za slipa zilizokatika, akazibandika juu ya vipande vya mbao. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliochemshwa. Wino aliumimina kwenye sifongo ndani ya kifuniko cha mkebe, na hakuna aliyegusa manila kabla ya kunawa mpaka kwenye viwiko. Tulinyoosha mikono, naye akainusa mmoja mmoja. Ikinuka dagaa wa omena, ulirudi kwenye mtungi wa maji ukaanza upya, hata kama walikuwa wanapika kwenu na wewe hukula.

Nyota ndiyo iliyokuwa fahari yake. Makasi hayakuweza kukata nyota ya kumridhisha, basi siku moja akanishika mkono tukatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kwa fundi mmoja wa majiko aliyesifiwa kwa mkono mwepesi. Tulifika viatu vimejaa vumbi. Fundi alimsikiliza, akacheka.

"Shosh, mimi natengeneza majiko. Nyota wapi na wapi?"

"Majiko umetengeneza tangu lini?" Nyanya akamuuliza. "Leo tengeneza kitu cha kuangaliwa."

Fundi akachukua ule ukanda wa chuma unaofunga mizigo ya mitumba, akaukunja kona tano, akaunoa upande mmoja mpaka ukakata unywele. Ulikuwa unaiweka karatasi juu ya soli ya slipa, unasimamisha chuma juu yake, unapiga nyundo mara moja, nyota inadondoka. Ile sauti ya nyundo ya Nyanya mwezi wa kumi naisikia hata sasa.

Kupitia kile kidirisha lilionekana jina la mtoto, lililoandikwa ndani. La kwanza lilikaa katikati ya nyota, na ukifungua unakuta mengine chini yake. "Mtu asifungue kadi ndio ajue kama ni yake," alisema. "Jina limtazame kwanza." Aliandika mwenyewe, polepole, ulimi nje. Mtoto akimtajia jina moja tu alimkaripia: "Lete yote. Hapa sisajili kuku."

Sasa nije kwa kanga. Nyanya alikuwa amemchonga karibu wote, madoa yake kayatoboa kwa msumari wa moto, ikabaki kuondoa soli ya katikati ya miguu. Akanipa wembe, maana macho yangu yalikuwa mazuri kuliko yake. Nami, kwa kujidai, nikauvuta haraka, na mguu wa kushoto ukaondoka na soli yake. Nililia mpaka kamasi. Nyanya akauchukua muhuri, akaugonga kwenye gazeti, akautazama kwa muda.

"Kanga akipumzika husimama mguu mmoja," akasema. "Huyu anapumzika. Wewe ndio uko na haraka."

Hakuchonga mwingine. Kanga huyo akawa alama yake, na kila kadi iliyotoka kwenye kibaraza kile ilikuwa naye. Kwa hivyo yule aliyeandika kuhusu mtoto aliyevunjwa na maisha, mwambie mtoto mwenyewe nipo, sikuvunjwa na chochote, nilikuwa tu na mkono mzito.

Watu wa shirika walikuja mwaka wangu wa darasa la nane, baada tu ya likizo ya Agosti. Dada mmoja wa Nairobi hiihii, mwenye kucha nzuri, na mgeni kijana wa kamera. Walizisifu kadi, wakala gurusa, wakaomba chai tena. Nyanya alikuwa amevaa shela yake mpya ya manjano. Yule dada akamwomba akae nje kando ya mtaro wa maji machafu, na kama inawezekana abadilishe nguo.

"Tunataka tu ikae natural, mama. Kama uko na ile ya kila siku."

"Ya kila siku ndiyo hii," Nyanya akasema. "Mimi sipigwi picha na nguo ya kudeki."

Hawakumpiga picha. Waliupiga mtaro. Kisha wakaomba waazime sanduku la mihuri pamoja na kile chuma cha kukatia nyota, wiki mbili tu, wakawaonyeshe wafadhili. Nyanya akawafungia sanduku kwa leso na gurusa sita juu yake. Mama yangu alimwambia pembeni kwamba angebaki angalau na chuma cha nyota. Akajibu kwamba mtu aliyekula kwako hawezi kukuibia. Aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana yananichoma.

Wiki mbili zikaisha, ukaingia mwezi wa kumi. Nyanya alipanda kila Jumatatu hadi kwa kibanda cha simu, akarudi na jibu lilelile: madam yuko kwa mkutano. Nilimwona akikaa kibarazani na manila tupu mapajani, mikono imenawa, hana cha kugonga. Yule mama aliyekuwa akigombeza ploti nzima akawa haulizi hata nani ameacha bomba wazi.

Lakini siku ya kadi niliitwa. Kila mtoto wa upande wetu aliitwa. Alikuwa amezikata nyota zote kwa wembe, zimepinda, nyingine zina pembe nne, na kwenye kila kadi alimchora kanga kwa kalamu, mmoja baada ya mwingine, wote kwa mguu mmoja. Yangu nilikaa nayo kifuani mtihani mzima. Baadaye tulihamia Kawangware, karibu na kituo cha basi cha 46, mvua ikavuja kwenye sanduku la vitabu, nikaipoteza. Hapo sina wa kumlaumu ila mimi, na hilo pia limo kwenye hasira hii.

Nyanya alifariki nikiwa kidato cha tatu. Sanduku halikurudi. Pale ploti ilipokuwa pamepita barabara, na ukisimama pale huwezi kujua kibaraza kilikuwa upande upi. Kwa fundi wa Kongo siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Hata mtihani wa darasa la nane umefutwa, na heri zenyewe sasa hutumwa kwa simu, picha ileile kwa watoto mia. Hayo yote nimeyakubali, dunia inaenda. Nisichokubali ni kwamba kanga yuko hai, anauzwa, anakaa kwenye duka zuri, na aliyemchonga hana jina.

Nilimuuliza msichana wa duka, "Hii ilitengenezwa na nani?"

"Ni ya wamama wa Kibera, madam."

"Mama gani?"

"Wamama tu. Si imeandikwa hapo nyuma?"

Wamama tu. Nikafungua kadi kuona kile kinachoonekana kupitia nyota, pale ambapo Nyanya alikuwa akimwandika mtoto. Walikuwa wameweka nembo ya shirika. Nikainunua. Jioni nikawaandikia barua pepe ndefu, nikaeleza kila kitu, hata gurusa sita. Jibu lilikuja asubuhi: asante sana kwa kuunga mkono wamama wetu, na kijisura kinachotabasamu.

Basi nilichemsha unga wa ngano. Nikakata kipande cha manila, nikakibandika juu ya ile nembo, nikanawa mikono tena mpaka kwenye viwiko, nikaandika polepole. Yale maelezo ya nyuma nayo niliyafunika, nikaandika kwamba huyu kanga anapumzika tu.

Mwalimu mwenzangu nilimnunulia keki. Kadi niliirudisha dukani jana, nikaichomeka mbele kabisa kwenye rafu, msichana akinitazama bila kuelewa. Atakayeinunua atakuwa ananunua kitu ambacho tayari nimekilipia, na shirika litapata faida mara mbili, sijali. Kabla hajaifungua, jina la Nyanya litamtazama kupitia nyota: Zainabu. Mengine mawili yako ndani, chini yake, kama alivyotaka.