Uzamivu na Nywele Kavu

Neno lililotutia hofu nyumbani lilikuwa uzamivu. Kaka yangu alirudi Katubuka na shahada yake ya pili, akawa anashinda na simu mkononi. Kila aliyemuuliza anatafuta nini alimjibu, "Nafasi ya uzamivu."

Kwetu kuzamia ni kitu kimoja tu. Mjomba alizamia ziwani kuitafuta injini ya mtumbwi iliyochomoka pale Kibirizi. Injini ilipatikana, yeye hakupatikana. Kwa hiyo mama aliposikia neno hilo aliacha kuchambua dagaa.

"Uzamie wapi?"

"Mama, ni jina la shahada tu. Nitakuwa maabara, natazama seli kwa hadubini. Namna zinavyojongea na kusukumana."

"Hadubini ya kupimia malaria? Kwani ya zahanati imeharibika?"

"Hiyo ya huko ng'ambo ni kubwa, inajaza chumba."

"Na ada?"

"Hakuna ada. Wao ndio watanilipa."

Mama alinigeukia mimi kwa jicho la kusema: Anayekulipa ili usome, kuna anachokitaka kwako.

Mimi pia nilimshuku kaka. Niliishia darasa la saba na Kiingereza chake sikijui. Nilimsikia tu akiongea kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba, na nikitokea na ndoo ananyamaza. Kule mwaloni, dagaa wanakoshushwa, habari za vijana walioahidiwa kazi nje, kisha simu zao zikazimika, hazikuwa ngeni. Mama alichukua pasipoti ya kaka akaifukia ndani ya gunia la dagaa. Nilimwona. Kaka alipoitafuta, mimi niliendelea kufagia.

Siku ya usaili wa simu mama alikataa kutoka chumbani. "Namtaka huyo mzamishaji nimwone."

Kwenye kioo cha simu alitokea mwalimu wa huko, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Waliongea muda mrefu na kaka akatoka jasho. Mwisho mama akasogeza kigoda.

"Mwulize: wanafunzi wake waliotangulia wako wapi? Wangapi walirudi kwao? Mmoja aitwe hapa, nimwone kwa macho yangu."

Kaka alitafsiri kwa maneno machache sana. Nilijua hakuuliza yote. Lakini yule mwalimu alicheka, akainuka, akarudi na kijana mweusi mwenye koti jeupe. Kijana akatupungia mkono.

"Shikamoo, mama!" Kumbe ni Mtanzania.

"Marahaba. Inama."

"Mama!" kaka alinong'ona.

"Wewe nyamaza. Inama, mwanangu, nione kichwa."

Akainama. Mama alisogeza uso karibu na simu, akatazama kwa muda.

"Nywele kavu," akasema. "Huyu hajazamishwa."

Yule kijana hakuelewa, lakini alicheka sana.

Nafasi ilipothibitishwa, mama alikwenda mwenyewe kwenye gunia. Pasipoti ilikuwa inanuka ziwa zima. Kaka aliinusa, akanitazama, nami nikatazama miguu yangu.

"Kila Jumapili utume picha," mama alimwambia. "Kichwa kionekane."

Anatuma. Mama hatazami mashine iliyo nyuma ya kaka wala theluji dirishani. Anaikuza picha kwa vidole mpaka nywele zijae kioo, ndipo anaendelea na dagaa wake. Jumapili moja kaka alijipiga picha akiwa ametoka kuoga, nywele zimelowa. Mama hakula siku hiyo, na mimi ndiye niliyetumwa kumpigia kaka simu.