Bibi Alikaa Kiti cha Mbele

Usiku ule nililala na hasira, tena hasira ya mtu anayejua kakosa. Jioni nilikuwa nimejaribu vichekesho vipya kwenye saluni ya rafiki yangu, mbele ya watu kumi na mmoja, mama yangu akiwa mmoja wao. Wiki iliyofuata nilikuwa na onyesho ukumbini, nikataka kujua kipi kinachekesha. Kilichochekesha kikawa cha mazishi ya bibi, aliyemzaa mama. Nilimwigiza mama akigaragara kaburini, "Umeniacha na nani!", huku baba kasimama pembeni, kamshikia mkoba. Watu walicheka hadi machozi. Mama akainuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Nilimpigia simu, hakupokea.

Basi usingizini nikajiona palepale saluni, nimeshika kitana badala ya maikrofoni. Viti vimeondolewa, watu wamekaa mikekani kama msibani, kimya. Bibi peke yake yuko kitini, mbele kabisa, chini ya mashine ya kukaushia nywele, anatafuna karanga. Enzi za uhai wake aliniita mke mwenzake, na kutukanana kwetu kwa utani hakukuwa na mwisho. Lakini pale naogopa hata kumwamkia.

Nikaanza. Nikamtania uchoyo wake, mkoromo wake, alivyogombana na nesi juu ya uji mpaka siku ya mwisho. Bibi anacheka, jamani, anacheka mpaka karanga zinamwagika! Nikapata moyo. Nikajitupa chini, nikalia kile kilio cha mama.

Bibi akaacha kutafuna. Sakafu ninayogaragaria si vigae tena, ni udongo mbichi, unanikwama kwenye kucha.

"Mke mwenzangu," akasema taratibu, "mimi ni mtani wako. Nizike hata mara kumi, nitacheka. Yule si mtani wako. Yule alikuwa analia kweli."

Nataka kumwambia kwamba ndicho walichokicheka kuliko vyote. Anainuka, anakung'uta maganda ya karanga, na mimi nimeshaamka. Nje kumepambazuka.

Sikupiga simu. Nilikwenda mwenyewe, nikamkuta mama anafagia uwanja. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shingo upande. Nikapiga magoti, nikamwambia kile kichekesho nimekitoa, sikisemi tena popote, na aliyenikanya ni bibi. Kanijia ndotoni.

Mama akasimama na ufagio wake.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Kanga ya kijani, kajifunga kifuani."

"Kakonda?"

"Hapana, mama. Kanawiri. Alikuwa anacheka."

Nilidhani atafurahi, au angalau ataniambia yamekwisha. Badala yake akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

"Mwaka mzima nalala namngoja," akasema. "Kwangu mimi hajaja hata siku moja."