Jiji la Dada na Mto Usiovukika

Dada yangu alilijenga lile jiji juu ya meza ya jikoni, kwa vibao nilivyomkatia mimi kule karakana tunakotengeneza michezo ya mezani. Barabara, soko, shule, mto katikati. Tulicheza naye na mwanangu hadi tukagombana, tukapatana, tukacheza tena. Kisha bosi wetu, tunayemwita Meya kwa kupenda kwake ukubwa, akaomba alione. Boksi la kwanza la mchezo huo lilipochapwa, lilikuwa na jina la Meya peke yake.

"Mawazo hayana mwenyewe," alimwambia dada. "Wewe niandikie kanuni, wanunuzi wanakuja."

Mimi ningemrushia nyundo. Dada akaitikia, "Sawa, bosi." Nikamwona mnyonge, na nikamwambia hivyo hivyo. Kumbe ukiona simba kanyeshewa usidhani ni paka.

Kuandika kanuni ndiyo kazi yake, na ana utaratibu wake. Wageni hupewa karatasi ya kanuni wacheze wenyewe. Yeye hukaa kando, mdomo kaufunga. Akilazimika kueleza hata neno moja, karatasi haijaiva, anaiandika upya.

Basi akaandika. Kila kitu kilinyooka: nani aanze, kiwanja kinapatikanaje, nyumba ngapi kabla ya shule. Ila kanuni ya kuvuka mto aliifuta, tena mbele yangu. "Aliyelibuni jiji atawaeleza," akasema. Hapo nikamwelewa, nikafurahi kwa roho mbaya kabisa.

Wanunuzi wawili wa duka kubwa la michezo walikuja, wakaketi na Meya katikati yao, anachekacheka. Mchezo ulienda vizuri hadi upande mmoja wa jiji ukajaa.

"Mto tunauvukaje?" mama mmoja kati yao akauliza.

Meya akasema daraja hujengwa na mwenye soko. Zamu iliyofuata akasema ni mwenye shule. Hakuwa amewahi kuucheza hata mara moja. Jasho likamtoka, akamgeukia dada. "Waeleze basi, dadangu."

Leo ndiyo anamwita dadangu.

"Mwandishi haongei, bosi. Si ndiyo utaratibu wetu?"

Wanunuzi wakachukua mikoba yao. Mlangoni, yule mama akamvuta dada pembeni, nami nilikuwa karibu nikasikia. "Jiji ni lako, nimeshaona. Lakini jina la kwenye boksi si kazi yangu. Niambie tu mto unavukwaje, tutachukua mzigo wote."

Nilimfinya dada mgongoni aseme. Jiji lake lingeingia kwenye nyumba za watu, na watoto wangelipenda kama wetu.

"Hauvukiki," dada akajibu.

Njiani nilimlaumu sana. Nikamwambia kamkomoa Meya, sawa, lakini na jiji lake kalizika.

"Bora nilibomoe kwa mkono wangu," akasema, "kuliko liishi kwa jina lake."

Kesho yake Meya alimfukuza kazi. Dada hajutii, na mimi simhurumii Meya hata chembe. Ila dada hajalicheza tena lile jiji, hata mwanangu akimbembeleza.