Gitaa Lililogeuka Komeo

Jirani yangu hapa Ruangwa ni fundi seremala. Juzi alikuwa akibandua kabati la zamani kwa maji ya moto, na harufu ya gundi ikavuka ua ikanikuta jikoni nikichambua kisamvu. Gundi kuukuu ikipata mvuke hunuka kama kwato iliyoungua, na ndani yake mna utamu kidogo, kama wa uji ulioshika chini ya sufuria. Niliwahi kuinusa harufu hiyo mara moja tu kabla ya juzi, nikiwa mtoto, kwetu Chiola, siku mama na mimi tulipolibandua gitaa la baba.

Niwaeleze kwanza habari za gitaa lenyewe. Baba alilinunua Nachingwea kabla hajaoa. Alilipiga kwenye harusi, na kila alipolipiga, sinia lake la pilau lilirudi limejaa nyama kuliko ya wenzake. Mama alikuwa akimtania kwamba alioa sahani, si mwanamke. Lilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chao, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa hata kwa kidole.

Kisha baba akaenda Namungo kuchimba dhahabu. Alituaga kwamba angerudi kabla ufuta haujaiva. Ufuta ukaiva, tukauvuna, tukaupeta, na korosho nazo zikaanza kuanguka, naye kimya. Watu wakimuuliza mama, alijibu, "Yupo kazini," kwa sauti ileile ambayo angekujibu nayo ukimuuliza chumvi iko wapi. Paa likavuja juu ya gitaa. Tumbo lake likapasuka, nyuzi zikaota kutu, buibui akahamia ndani.

Siku ninayoisema, mama alikuwa ameondoka alfajiri kupeleka mbaazi sokoni Nachingwea. Alirudi mapema kuliko kawaida, na kikapu kichwani kikiwa bado kimejaa. Alikitua kwenye kibaraza, akaingia ndani, akatoka na gitaa.

"Mwanaidi, chemsha maji."

Niliinjika sufuria. Mama alikaa kwenye kigoda, akalibana gitaa kwa magoti juu ya mvuke, akanipa kisu cha kupakia siagi, ingawa siagi yenyewe tuliionea kwa jirani.

"Pitisha hapo kwenye maungio. Taratibu. Mbao zisipasuke."

"Tunafanya nini?"

"Dirisha. Mdogo wako ana kifua."

Ilikuwa kweli. Chumba tulicholala mimi na Sele kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia, na kila masika Sele alikohoa mpaka macho yakamtoka. Kwa hiyo nilipitisha kisu. Gundi ililainika ikawa kama ulimbo, na ubao wa mgongo ukaachia polepole kwa mlio mdogo wa kunyonya. Nilingoja nijisikie vibaya. Nililikumbuka gitaa lilivyolia, nikakumbuka vidole vya baba, nikangoja tena. Hakuna kilichokuja. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake akaamka akaukuta si wake.

Wanawake waliopita njiani walisimama kidogo, wakaangalia, wakasalimia, wakaenda zao kunong'ona mbele ya safari. Kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba mama kwa hasira amevunja gitaa la mumewe. Mimi nilikuwapo, na hasira sikuiona.

Ubao wa mgongo ukawa dirisha, bawaba zake zikiwa vipande vya kandambili. Shingo, ambayo ilikuwa mti mgumu hasa, ikawa komeo la mlango. Ubao wa mbele, wenye lile tundu la duara, ulifunika tenga la vifaranga, nao wakawa wanatoa vichwa hapo kwa zamu kama abiria dirishani. Mbavu zilizopinda hazikufaa kitu. Zilipikia ugali jioni ile.

Mvua zikaja. Sele alikohoa, lakini alilala.

Baba alirudi wakati wa palizi. Mama alikuwa shambani, nami nilikuwa nimejifungia na Sele, maana mbuzi wa jirani walikuwa hawana adabu. Nikasikia hodi. Niliijua sauti, nikatoa komeo, nikafungua nikiwa nimelishika mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikuwa amekonda, na shati halikuwa lake. Akatazama nilichoshika. Akanyoosha kidole gumba, akakipitisha juu ya vile vyuma vidogo vya shingoni, kimoja kimoja, mpaka mwisho.

"Hili si gitaa langu?"

"Ni komeo," nikamjibu.

Alikaa kibarazani. Nilimpa maji, akanywa, akawatazama vifaranga. Mama alipofika na jembe begani, alisimama mbali kidogo.

"Umefika."

"Nimefika."

"Umekula?"

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa. Baba alikaa nasi mpaka alipofariki, juzijuzi tu, mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Kila masika alibadilisha kandambili za lile dirisha bila kuambiwa. Gitaa hakulitaja tena, na mimi kwa miaka yote hiyo nilimtendea vizuri na sikuhisi lolote. Nilijiona nimezaliwa na kasoro.

Baada ya arobaini yake nilimchukua mama akae nami hapa Ruangwa. Mchana mmoja tukibangua korosho, nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Akaniambia kwamba pale sokoni, kabla hajauza hata kibaba, mwanamke mmoja wa Namungo alimsimulia, bila kujua anamsimulia nani, habari za mchimbaji wa Chiola aliyeoa kule na kupata mtoto wa kiume.

"Mbona hukulia, mama?"

"Ningelia, nani angeziba dirisha? Mawingu yalikuwa yameshafunga. Nilikupa kisu wewe kwa sababu mikono yangu ilikuwa haishiki."

Nilikuwa nimeamini kwamba alikuwa akinifundisha kazi. Kumbe nilikuwa mikono yake, na ganzi ile niliyoiona kasoro yangu ilikuwa yetu sote wawili. Yeye aliibeba kwa sababu kulikuwa na mvua na mtoto anayekohoa. Mimi niliibeba kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu naye mno. Mvua zile ziliisha, Sele akapona kifua, akakua, akaoa. Hakuna aliyetukumbusha kuiweka chini ganzi ile.