Benchi la Redio Koli

Wanangu hunicheka kwa jinsi ninavyotumia simu. Ikiniuliza nimezaliwa lini, naruka. Ikitaka kujua niko wapi, nakataa. Huniuliza, mama, fundi cherehani wa Kibaoni ana siri gani? Sina siri yoyote. Ila nilishaona kwa macho yangu shida ya mtu inavyogeuzwa kuwa bei.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu hazijatufikia bondeni. Mama yangu, mjane, alilima mpunga Mchombe, nami nilikuwa Ifakara nashona nguo. Tulizungumza kwa redio koli. Ya huku ilikuwa kwenye duka la vipuri, ya kwao kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Unafika, unasubiri zamu kwenye benchi, ukiitwa unashika kile kidude cha kusemea, unasema lako, unamaliza na "ova", kisha unasikiliza. Sauti ilitoka kwenye spika, kwa hiyo benchi zima lilisikiliza pamoja nawe, na wengine waliitikia kabisa. Hakuna aliyeona ubaya. Habari ya mtu ilikuwa ya wote, na mwenye kunong'ona alidhaniwa mchawi.

Mwaka ule mdogo wangu wa kike alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, wa kwanza katika ukoo wetu. Mama alinieleza kila kitu redioni: shule inafunguliwa Jumatatu, hatuna pa kushika isipokuwa mpunga uliomo ndani, na lazima uuzwe wiki hii hii. Mimi nami nikazidi kumuuliza, naye akazidi kujibu. Benchi likampa pole.

Kwenye benchi lile la Mchombe alikuwepo mnunuzi wa mpunga, anakunywa chai. Jioni alikuwa mlangoni kwa mama.

"Shikamoo, mama. Nasikia mtoto kachaguliwa. Hongera sana."

Kisha akataja bei ya kutupwa. Mama aliposema ni ndogo mno, akajibu kwa upole kwamba basi atapita tena wiki ijayo. Wiki ijayo shule ingekuwa imeshafunguliwa, na wote wawili walilijua hilo. Juu ya hayo akataka lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likavimba kilemba juu ya mdomo. Mama akauza. Pesa iliishia kwenye ada, na mdogo wangu akalala muhula mzima juu ya mbao za kitanda, ametandika kanga za mama.

Niliposikia nilitaka nipande basi nikamkabe yule mtu. Nilipanda kweli, lakini nilipofika kwa mama niliuliza kwanza.

"Alijuaje siku ya shule kufunguliwa?"

Mama akanishangaa. "Si alikuwa pale pale kwenye benchi? Tena ndiye aliyenipisha nikakaa."

Hasira ikaniisha. Yule mtu hakutuibia kitu. Tulimpelekea wenyewe, kwa sauti ya juu, tukamalizia na ova.

Nikamwambia mama kwamba kuanzia siku ile, redioni hatuna shida. Tunasalimiana, tunaulizana uzima, mengine tutaongea tukionana. Nilifikiria tuwe tunasema Kipogoro, lugha ya kwetu, lakini mnunuzi alikuwa ameoa kwetu Mahenge, shemeji kabisa. Mama hakuupenda mpango wangu.

"Watasema nina maringo. Mtu anakuuliza habari za nyumbani, unamjibu nusu?"

"Unamjibu nzuri, mama."

"Na kama si nzuri?"

"Bado nzuri."

Ilimchukua muda. Nilikuwa namsikia kwenye spika akianza, "Yaani mwanangu, hapa..." halafu anajikatiza, anasema, "Hapa hatujambo. Ova." Wenzangu kwenye benchi la Ifakara walinitazama nikicheka, wasijue nacheka nini, na hilo lenyewe lilikuwa tamu.

Desemba iliyofuata nilikwenda Mchombe kwa Krismasi. Mdogo wangu alikuwa likizo, ada ya mwaka mpya haijalipwa, godoro bado hana, na mpunga umepangwa ndani mpaka karibu na dari. Mimi na mama tukaenda kwenye mashine kumjulisha mume wangu kwamba nimefika salama. Aliyetutangulia kwenye zamu alikuwa mnunuzi.

Alishika kidude akamweleza tajiri yake wa Dar es Salaam mambo yote. Lori limejaa nusu tu. Mvua zimeanza milimani. Barabara ikikatika, gari litakwama huku mpaka masika yaishe. Afanyeje? Tajiri alifoka mpaka spika ikakwaruza: gari lisipojaa kufikia keshokutwa, atafute kazi nyingine. Benchi likampa pole, na mama alimpa pole kuliko wote.

Zamu yetu ilipofika mama alisema, "Hatujambo. Mgeni kafika. Ova." Tukaondoka.

Jioni mnunuzi akaja. Mama akampa kigoda na maji ya kunywa.

"Mwaka huu shule zinafunguliwa lini, mama?"

"Watatangaza."

"Na mpunga, unauza?"

"Upo tu, baba. Hauli wala haunywi."

Akataja bei. Mama akazungumzia mvua. Akapandisha. Mama akamwongezea maji. Mimi nilikuwa jikoni nimeng'ata kanga nisicheke. Akaaga, na asubuhi alikuwa mlangoni tena, safari hii na bei ambayo majirani walikuja kuisikia wakadhani ni uongo. Mama akakubali, ila kila gunia lishonwe mdomo sawasawa, bila kilemba. Mnunuzi akayashona mwenyewe, jua likimchoma.

Lilipopakiwa la mwisho akajifuta jasho. "Mama, mwaka huu umenikomesha. Umepata wapi ugumu huu?"

"Nasikia gari lako lilikuwa nusu, baba," mama akamjibu kwa upole. "Pole sana."

Sijawahi kumwonea mama fahari kama siku ile. Januari mdogo wangu aliondoka na ada yake kamili, na godoro jipya limefungwa kamba juu ya basi. Tulipopita kwenye mashine, watu wa benchini wakatuita: habari za mpunga?

"Nzuri," mama akajibu, wala hakusimama. Safari hii ilikuwa kweli.