Bega la Kushoto

Nilimnyang'anya mwalimu wa michezo fimbo yake mbele ya shule nzima, nikaitupa ng'ambo ya ua wa miiba. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa natoka kliniki kumpima uzito mtoto mchanga, nimembeba mgongoni, nikapita nyuma ya uwanja na kuwaona wasichana wa darasa la pili wakizunguka kwenye mchanga, jua limeshapanda. Wa mwisho alikuwa wangu. Hakuwa anakimbia tena. Alikuwa anajikokota ameinama upande, na mwalimu nyuma yake anajigonga fimbo kwenye suruali, "Maliza, maliza, bado kidogo." Binti yangu alikuwa ameshika bega la kushoto. Si tumbo. Bega.

Angeshika tumbo, labda ningepiga kelele kama mama mwingine yeyote. Lile bega ndilo lililonitoa akili, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa maana yake.

Mwaka ule mto Tana ulivunja kingo zake, barabara ya Nairobi ikakatika, na maji yalipoanza kushuka yakatuachia mbu. Binti yangu aliugua malaria, akaamka, akaugua tena, mpaka tukaacha kusema anaumwa, tukasema tu amelala. Miezi ikapita hivyo. Miguu ikawa vijiti, tumbo likavimba upande mmoja. Dawa zilikuwa zimeisha hospitalini na lori lililokuwa linaleta nyingine lilikwama upande wa pili wa maji. Ndipo ayeyo wake, yaani mama ya mume wangu, alipopasha msumari akamchoma tumboni, kama walivyochomwa watoto wote wa nyumba yake. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimejifungua juzi, sijaweza kusimama. Nilisikia kilio, kisha harufu. Mume wangu alikuwa Mandera kununua mbuzi.

Dawa zilipofika homa iliondoka, lakini uvimbe ulibaki. Daktari wa wodi ya watoto alimlaza chali, akaingiza vidole chini ya mbavu za kushoto, kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale. Nikahisi kitu kigumu kimetokeza.

"Hiyo ni bandama," akasema. "Malaria imeivimbisha. Iko kama papai lililoiva kupita kiasi. Akianguka, akipigwa, inaweza kupasuka, na damu itamwagikia ndani, hutaiona. Utamsikia tu akilalamika bega la kushoto. Siku hiyo usipike, usisubiri mumeo. Mlete."

Hata hivyo alikataza kumwacha kitandani. Alisema mwili uliolala muda mrefu huamshwa polepole. Atembee asubuhi kabla ya jua, na mimi nimsemeshe njiani. Akijibu vizuri, tuendelee. Akikosa pumzi ya kujibu, tukae kivulini. Tuongeze kidogo tu, na tukiona alichoka jana, leo tupunguze. Mbio, kamba, ndoo ya maji, hapana, mpaka yeye mwenyewe daktari aguse pale chini ya mbavu asikute kitu.

Tukatembea. Kwanza dukani kwa jirani, baadaye msikitini, baadaye hadi karibu na soko la mifugo. Watoto wa mtaa wakambatiza DO, kama yule afisa wa tarafa, kwa ajili ya kitambi chake.

"DO, unaenda baraza?"

"Ndiyo. Na wewe sikukualika."

Alicheka sana siku hiyo. Lakini alipocheka niliona mkono wake unakwenda kujishika ubavuni, wenyewe tu, bila yeye kujua. Tangu hapo kila alipocheka niliangalia mkono.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza mwalimu wa michezo yote hayo mbele ya mwalimu mkuu, papai na bega. "Sawa mama, nimesikia," akasema. Alikuwa mtu wa bara aliyekaa kwetu miaka mingi. Mashindano ya tarafa yalikuwa yanakaribia, na kabla ya kuugua binti yangu alikuwa anawaacha wote.

Sasa alisimama mbele yangu uwanjani bila fimbo.

"Nilikwambia nini?"

"Mama, tulia. Nyanya yake alimleta asubuhi, nikamuuliza hapo langoni. Akasema, 'Amebona, mwalimu. Moto ilikauka.'"

"Moto si dawa ya bandama."

"Nyinyi wenyewe ndio mlinifundisha. Mtu akichomwa, kidonda kikakauka, ugonjwa umekwisha. Kila mzazi hapa ananiambia hivyo. Leo imekuwa kosa langu?"

Hasira ilinipanda zaidi kwa sababu hakuwa anasema uongo. Nikamgeukia mtoto. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

"Ulianguka?"

"Mara moja tu, hooyo. Nikaambiwa niinuke."

Nilimfungua mtoto mchanga mgongoni nikamsukumia mwalimu kifuani. "Mshike huyu." Nikambeba binti yangu mikononi, tumbo lisiguswe, na mwalimu akanifuata hadi hospitalini na mtoto analia mikononi mwake.

Daktari alimgusa, akakunja uso. "Bandama imevuja. Kidogo, naomba iwe kidogo. Alale hivi, asigeuzwe." Juu ya paa la wodi korongo walikuwa wamesimama kama kawaida yao, na mama wa kitanda cha pili alikuwa anakunja shuka za mtoto wake.

Jioni ayeyo alikuja na maziwa ya ngamia. Hakutazama tumbo.

"Mumeo nilimchoma hivihivi," akasema. "Ona alivyo. Sasa nasikia unataka kuandikia serikali. Nyumba yetu usiiweke huko."

"Mwalimu aliamini neno lako, ayeyo, akaacha la daktari."

"Basi andika mwalimu."

Asubuhi nilipeleka karatasi ofisi ya elimu ya wilaya. Karani aliisoma yote akakuna shingo. "Dada, hapa kwa nyanya toa. Sisi tunashughulika na walimu, si nyanya." Nikamwambia apige muhuri ilivyo. Akapiga. Ilisema:

"Nalalamika dhidi ya mwalimu wa michezo. Nilimweleza maagizo ya hospitali mbele ya mwalimu mkuu. Alimkimbiza mtoto, mtoto akaanguka, akamwambia ainuke akamkimbiza tena. Naomba aondolewe kwenye michezo. Naomba mwanafunzi yeyote aliyetoka kitandani asikimbizwe mpaka hospitali iseme, hata kama mzazi amesema amepona, hata kama mzazi huyo ni mimi. Makovu yaliyo tumboni mwa mtoto yaliwekwa na mama ya mume wangu kwa msumari wa moto. Hayakumponya. Nayaandika ili mwalimu mwingine asiseme hakujua. Mtoto bado yuko wodini, na daktari hajaniambia kama atatoka."