Visiki vya Ipuli

Nimechora bustani na viwanja vya miji kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado watu huniuliza kazi yangu hasa ni nini. "Kupanda maua," wanajijibu wenyewe. Nimechoka kuwasahihisha. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuzuia watu wasiharibu kilichokuwepo kabla hawajafika na kamba zao za kupimia.

Pale Ipuli, mjini Tabora, palikuwa na kipande cha miombo, pori la mwisho ndani ya mji, kando ya njia waliyopita wapagazi wa misafara. Nilipopewa kazi ya kuchora bustani ya kupumzikia, sikugusa mti hata mmoja. Nilipindisha vijia vikaizunguka miti, nikaweka mabenchi kivulini. Mchoro ukapitishwa.

Kisha akaletwa msimamizi mpya wa mradi, kijana wa pwani, mwenye adabu zote. Alifika mwezi wa tisa, kiangazi kimekolea, miombo haina jani. Mtu wa Tabora anajua miti hiyo imepumzika tu, na itachipua hata kabla mvua haijanyesha. Yeye aliona kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Miti hii imekufa. Tunaikata, tunapanda miashoki ya mapambo. Mgeni rasmi anakuja kuizindua bustani."

Nilitoa ufunguo wa nyumba, nikakwangua gome. Ndani palikuwa kijani kibichi.

"Mgeni rasmi hatakuja na ufunguo, mama," akasema, na mafundi wakacheka.

"Basi mwambie asubiri majani."

Hakuna aliyemwambia. Nilikataa kusaini mchoro mpya, wakausaini bila mimi. Siku ya misumeno nilikaa kwenye benchi na kugoma kuondoka. Walinizunguka, wakakata kote, wakaubakiza mti mmoja nyuma ya mgongo wangu. Kesho yake nilipofika, nao ulikuwa chini. Nililia mbele yao wote, na wala sioni haya kusema hivyo.

Kwa haraka ya sherehe hawakung'oa visiki. Walivikata usawa wa ardhi, wakafunika kwa vitofali vya pevingi, wakapanda miashoki yao kwa mstari. Mgeni rasmi akaja, akapiga picha, akaondoka.

Mvua zilipokolea, vitofali vikaanza kuinuka. Kila penye kisiki palitoka machipukizi mekundu, mengi kwa pamoja, yakisukuma sakafu ile kama uji unaochemka chini ya kifuniko. Wakayafyeka. Yakarudi mengi zaidi. Nilikuwa napita pale kila asubuhi kwa makusudi, na furaha yangu sikuificha.

Ndipo kijana aliponipigia simu.

"Shikamoo, mama. Eti kuna dawa ya kuua visiki vya miombo?"

"Marahaba. Ipo."

"Unaijua?"

"Naijua vizuri sana, mwanangu," nikamwambia. "Na nitazikwa nayo."